Msichana wa Daftari na Mwinyi wa Ufukweni

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huelekezwa kwa wenye maduka na watunza ghala, ili wakumbuke kuandika kila kiingiacho na kila kitokacho. Lakini mnamo mwaka 1873, katika mji wa Nice ulioko kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa, walionekana katika barabara moja watu wawili ambao maisha yao yanaweza kuwa ufafanuzi mwema wa methali hiyo. Wa kwanza alikuwa kabaila mkubwa kutoka Uskoti, Duke wa Hamilton, mwenye majumba, farasi na jina lililotangulia mbele yake kila alikokwenda. Wa pili alikuwa msichana wa miaka 14 aitwaye Marie Bashkirtseff, mgeni kutoka upande wa Urusi, ambaye hakuwa na cheo mjini hapo wala marafiki wengi. Huyo wa pili alikuwa na daftari.

Katika daftari hilo aliandika mambo ya kila siku, yaani alitunza shajara. Alimwandika Duke akimsifu kwa moyo wote. Kisha miaka ilipopita akarudi kwenye kurasa zile zile, akazisoma, na akacheka. Kicheko hicho ndicho habari yetu ya juma hili, kwa sababu kina mafundisho kwa kijana wa kike anayezuzuliwa na mng'ao wa watu, kwa mzazi anayemlea, na kwa yeyote anayetakiwa na kazi yake kuandika ukweli.

MJI WA WATEMBEZI

Nice iko kando ya Bahari ya Mediterania, karibu na mpaka wa Italia. Mji huo uliingia mikononi mwa Ufaransa mwaka 1860, na mwaka 1864 ukafikiwa na reli. Tangu hapo matajiri wa nchi za baridi walifurika humo kila mwaka wakati wa majira ya kipupwe. Huko kwao theluji ilikuwa ikianguka, lakini Nice jua lilikuwa likiwaka na michungwa ikizaa. Waingereza na Warusi ndio waliokuwa wengi miongoni mwa wageni hao. Joto lilipoanza kuzidi, walifunga masanduku yao na kuondoka, na majumba yao yakabaki na wapishi na watunza bustani.

Barabara kuu ya ufukweni iliitwa Promenade des Anglais, maana yake Matembezi ya Waingereza. Historia ya barabara hiyo ina jambo la kutafakari. Ilianza kujengwa katika miaka ya 1820 kwa fedha zilizochangwa na Waingereza waliokaa mjini, ili maskini waliokuwa wakiomba mitaani wapate kibarua. Hivyo basi, njia iliyotengenezwa kwa jasho la wenye njaa iligeuka kuwa jukwaa la wenye kushiba. Alasiri watu wa heshima walipita humo wakiwa ndani ya magari ya farasi, wamevaa nguo za thamani, na kazi yao ilikuwa kuonana na kuonekana. Nani amempungia nani mkono, nani amevaa nini, gari la nani limevutwa na farasi wangapi: hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya jioni.

Mtu aliyekaribishwa katika nyumba za wakubwa alihesabiwa kuwa mtu. Yule ambaye hakukaribishwa alitembea katika barabara ile ile, akapigwa na upepo ule ule wa bahari, lakini alikuwa nje ya uzio ambao macho hayakuuona.

FAMILIA ILIYOKUWA NJE YA UZIO

Marie Bashkirtseff alizaliwa mwaka 1858 karibu na Poltava, katika nchi ya Ukraine ambayo zama hizo ilikuwa sehemu ya dola ya Urusi. Familia yake ilikuwa ya wenye mashamba, na babu yake mzaa baba alikuwa jenerali. Wazazi wake walitengana angali mdogo. Mama yake alirudi kwa jamaa zake, na mwaka 1870 kundi zima likaondoka Urusi: mama, dada wa mama, babu mzaa mama, watoto na hata daktari wa familia. Walipita katika miji kadhaa ya Ulaya, hatimaye wakaweka makazi Nice.

Fedha walikuwa nazo. Walipanga nyumba nzuri iliyotazama bahari. Lakini sifa yao haikuwa njema. Dada wa mama yake alikuwa na kesi ya mirathi ya marehemu mumewe, na kesi hiyo ilizungumzwa sana. Mjomba mmoja alizidisha fedheha kwa vituko vyake. Juu ya hayo, mama aliyetengana na mumewe hakutazamwa kwa jicho jema katika zama hizo. Matokeo yake ni kwamba nyumba kubwa za Nice ziliwafungia milango. Binti huyo alikuwa na nguo nzuri, walimu wa nyumbani na kila chakula alichotamani. Ila kitu kimoja alichokitaka zaidi, yaani kukaribishwa na watu, hakikununuliwa kwa fedha.

Ni katika hali hiyo ndipo alipoanza kuandika mwezi Januari 1873. Aliandika kwa Kifaransa, lugha ambayo hakuzaliwa nayo, na hakuacha mpaka siku chache kabla ya kufa kwake. Daftari hizo zilifika zaidi ya 80.

MWINYI MWENYEWE

Sasa tumtazame Duke. Jina lake kamili lilikuwa William Alexander Louis Stephen Douglas-Hamilton, Duke wa 12 wa Hamilton. Alizaliwa mwaka 1845, na mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 18, baba yake alifariki naye akarithi cheo, mashamba na jumba kubwa lililojulikana kama Hamilton Palace. Katika orodha ya makabaila wa Uskoti, hapakuwa na aliyemtangulia. Mama yake alikuwa binti wa mfalme mdogo wa Baden, Ujerumani, na kwa upande huo alikuwa na ujamaa na Napoleon III, mfalme mkuu wa Ufaransa. Dada yake aliolewa mwaka 1869 na Albert, mrithi wa utawala wa Monaco, nchi ndogo iliyo jirani na Nice.

Kijana wa miaka 18 aliyepewa vyote hivyo kwa siku moja angehitaji hekima kubwa ili visimwendeshe. Duke hakuwa nayo. Alipenda farasi wa mashindano, kamari na anasa, akatumia mali kana kwamba ni maji ya kisima kisichokauka. Kufika mwaka 1867, miaka 4 tu baada ya kurithi, alikuwa ukingoni mwa kufilisika. Kilichomwokoa si busara yake bali farasi: mnyama wake aitwaye Cortolvin alishinda mwaka huo mashindano makubwa ya Grand National huko Uingereza. Mtu mwingine angalichukua tukio hilo kuwa onyo. Yeye aliendelea kama zamani.

Huyo ndiye aliyekuwa akipita katika Promenade des Anglais, mwenye mwili mkubwa na mavazi ya gharama, akijua kwamba anatazamwa. Na kweli alitazamwa. Miongoni mwa macho yaliyomfuata yalikuwamo macho ya binti Bashkirtseff.

SALA NA HABARI MBAYA

Kurasa za mwanzo za shajara zimejaa Duke. Msichana aliandika jinsi alivyomwona, saa aliyomwona na nguo alizokuwa amevaa yeye mwenyewe siku hiyo. Siku ambayo Duke hakuonekana ilihesabiwa kuwa siku iliyopotea. Alimwomba Mungu kila usiku amjalie awe mke wa Duke, na katika mawazo yake alikwisha panga namna atakavyoishi, atakavyowafadhili maskini na jinsi wale waliowafungia mlango mama zake watakavyokuja kuinama mbele yake.

Hapo msomaji makini ataona jambo. Binti huyu hakumtaka mtu. Alikitaka cheo chake. Hakuwahi kuzungumza na Duke hata neno moja. Hakujua kama ni mkarimu au mchoyo, mpole au mkali. Alimwona kama mtu anavyoona jumba kutoka barabarani, akahesabu madirisha na kudhani kwamba wenye nyumba ni watu wa furaha.

Mwezi Oktoba 1873 habari ikamfikia. Alikuwa katika masomo na mwalimu wake wa Kiingereza, na mwalimu huyo, bila kujua kilichokuwa moyoni mwa mwanafunzi wake, akamwambia kwamba Duke wa Hamilton anakusudia kuoa. Binti alikiinua kitabu mbele ya uso wake ili asionekane jinsi alivyobadilika rangi. Aliandika baadaye kwamba alihisi maumivu kama ya kuchomwa kisu kifuani. Somo liliendelea. Nyumbani hakuna aliyejua. Tarehe 10 Desemba mwaka huo Duke alimwoa Mary Montagu, binti wa Duke wa Manchester, na msichana wa Nice ikambidi aondoe jina moja katika sala zake za usiku.

Mtu mzima anaweza kuona kwamba hayo ni mambo ya kitoto. Lakini kila mzazi aliyelea binti anajua kwamba machozi ya umri huo ni machozi ya kweli, na kwamba mara nyingi hufichwa nyuma ya kitabu.

KICHEKO

Miaka ikapita. Marie Bashkirtseff alikuwa na tabia ya kurudia daftari zake za zamani na kuweka maelezo juu ya yale aliyoyaandika. Alipofika kwenye kurasa za Duke hakuzichana, wala hakufuta majina. Aliongeza maelezo mafupi ya dhihaka. Alisema kwa ufupi kwamba maombolezo yote yale yalimhusu mtu aliyemwona kama mara 10 hivi barabarani, mtu ambaye yeye hakumjua, na ambaye kwa upande wake hakujua hata kama msichana huyo yupo duniani.

Maneno hayo machache yanamvua Duke nguo zake zote za kifahari. Mwinyi yule aliyejaza anga la Nice anabaki kuwa mpita njia. Gari, farasi, kofia na jina la nasaba vinakuwa vitu vilivyopita mbele ya dirisha, kisha barabara ikabaki tupu. Dhihaka hiyo haimtukani wala haimzulii jambo. Inamweka mahali pake kwa kutaja idadi tu: mara 10 hivi.

Lakini upande wa pili wa dhihaka unamwangukia mwandishi mwenyewe, na ndiyo sababu inastahili heshima. Ni rahisi mno kumcheka mkubwa mwenye majivuno. Walevi vilabuni hufanya hivyo kila jioni. Jambo gumu ni kukiri kwamba majivuno yake yalikuwa na wateja, na kwamba wewe ulikuwa mmoja wao. Mtu anayejionyesha hawezi kuishi bila wanaomtazama. Laiti macho ya Promenade yangaligeukia bahari, Duke angalirudi zake nyumbani mapema.

Marie hakuwa malaika. Kurasa zake zinaonyesha wazi kwamba alikuwa na majivuno mengi kuliko mabinti wengi wa rika lake. Alijisifu kwa uzuri wa mikono yake, alijitazama katika kioo na kuridhika, alijiona ameumbwa kuwa malkia au mwimbaji ambaye dunia nzima itampigia makofi. Aliyaandika hayo yote bila kujificha. Katika utangulizi alioundika mwaka 1884, mwaka wa kifo chake, alisisitiza kwamba shajara isiyosema ukweli haina kazi, na kwamba yeye alikuwa ameamua kujionyesha alivyo. Kwa hiyo anapomcheka mwinyi wa ufukweni, anamcheka kama mtu anayeufahamu ugonjwa huo kwa kuwa umempata yeye pia.

KAZI BADALA YA NDOTO

Swali la kuuliza ni hili: kicheko hicho kilipatikanaje? Wako watu wanaoumizwa na ndoto iliyovunjika wakabaki na uchungu maisha yao yote. Yeye aliponywa na kazi.

Hata katika mwaka ule ule wa 1873, binti huyo aliona kwamba elimu aliyopewa ilikuwa ya kumpamba tu, kama wasichana wengi wa tabaka lake: nyimbo kidogo, michoro kidogo, lugha za kusalimia wageni. Akadai masomo kama ya wavulana wa shule ya sekondari, akajipangia ratiba ya saa 9 za kazi kwa siku, akajifunza Kilatini na Kiyunani. Alitamani kuwa mwimbaji, lakini maradhi ya koo yakamwondolea sauti. Akageukia uchoraji. Mwezi Oktoba 1877 aliingia katika chuo cha Académie Julian, Paris. Chuo kikuu cha sanaa cha serikali kilikuwa hakiwapokei wanawake. Hakikuwafungulia mlango mpaka mwaka 1897. Académie Julian kiliwapokea, lakini kwa ada kubwa kuliko ya wanaume.

Huko alifanya kazi toka asubuhi mpaka jioni. Kuanzia mwaka 1880 picha zake zilionyeshwa katika maonyesho makuu ya Paris. Mwaka 1881 aliandika makala katika gazeti la La Citoyenne, lililodai haki za wanawake, akitumia jina la bandia la Pauline Orell, kwa kuwa jina lake la kweli lingeleta matata nyumbani. Na katika mwaka 1884 alionyesha picha inayojulikana kuliko zote, iitwayo Un Meeting, maana yake Mkutano.

Inafaa kutazama picha hiyo inahusu nini. Msichana aliyeanza kwa kumwabudu Duke hakuchora makabaila, wala magari ya farasi, wala mabibi wenye miavuli. Alichora watoto sita wa mtaani, wana wa maskini, wamesimama kando ya uzio wa mbao wakishauriana jambo lao kwa uzito kama wabunge. Nguo zao zimechakaa. Hakuna hata mmoja anayemtazama mtazamaji. Wana shughuli zao. Watu waliipenda picha hiyo, ingawa majaji hawakuipa nishani, jambo lililomuuma sana mchoraji. Baadaye serikali ya Ufaransa iliinunua, na hivi sasa imo katika jumba la makumbusho la Orsay jijini Paris.

MWISHO WA KILA MMOJA

Duke aliendelea kutumia. Mwaka 1882 madeni yalimlazimisha kuuza hazina za Hamilton Palace: picha, samani, vyombo na vitu vya thamani ambavyo babu zake walivikusanya kwa vizazi. Mnada ulifanyika London kwa siku 17, ukahusu mafungu zaidi ya 2,000 ya vitu, na ukaingiza pauni zaidi ya 397,000. Alifariki tarehe 16 Mei 1895 katika mji wa Algiers, Afrika ya Kaskazini, akiwa na umri wa miaka 50. Hakuacha mtoto wa kiume. Cheo kikaenda kwa jamaa wa mbali, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ambaye hapo awali alikuwa akiishi kwa mshahara wa kazi yake.

Jumba lenyewe nalo halikudumu. Chini yake palikuwa na makaa ya mawe, na familia iliruhusu yachimbwe kwa kuwa yalileta fedha. Machimbo yakaifanya ardhi ititie. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jumba lilitumika kuwa hospitali ya mabaharia, na katika miaka ya 1920 likabomolewa. Wale waliokula kwa kuchimba chini ya nyumba yao waliishia kukosa nyumba.

Marie alikuwa amekwisha kutangulia. Kifua kikuu kilimla kwa miaka kadhaa. Usikivu wake pia ulipungua. Alijua kwamba hataishi, naye aliendelea kuchora na kuandika. Maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 20 Oktoba 1884, na siku 11 baadaye, tarehe 31 Oktoba, alifariki Paris akiwa na miaka 25. Kijidudu cha maradhi hayo kiligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, lakini dawa ya kukiua haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Leo kifua kikuu kinatibika, na mtu anayekohoa kwa muda wa majuma mawili au zaidi, awe kambini au nyumbani, hana sababu ya kukaa bila kwenda kupimwa.

Marie alizikwa katika makaburi ya Passy, ndani ya kaburi lililojengwa mfano wa chumba cha kuchorea.

MKASI WA FAMILIA

Shajara yake ilitolewa kitabu mwaka 1887, miaka mitatu baada ya kifo chake, na ikasomwa kote Ulaya na Marekani. William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliandika makala juu yake. Vijana wengi walianza kutunza shajara kwa kufuata mfano huo.

Hata hivyo, kitabu kilichosomwa hakikuwa daftari alizoziandika. Mama na jamaa zake walikuwa wamepitisha mkasi. Kesi ya mirathi iliondolewa. Vituko vya mjomba viliondolewa. Mambo yaliyoonyesha kwamba familia ilitengwa na watu wa Nice yalipunguzwa au kufutwa. Hata umri ulibadilishwa: ilisemwa kwamba alizaliwa mwaka 1860, ili aonekane mdogo zaidi na mwenye kipaji cha ajabu. Binti aliyeahidi kusema kweli alivalishwa nguo nyingine na watu waliompenda.

Hapana shaka walifanya hivyo kwa huzuni na kwa kutaka kulinda heshima. Lakini madhara yalikuwa makubwa. Kwa muda wa karibu miaka 100 wasomaji walimjua msichana mwororo, mwenye ndoto na machozi. Hawakumjua yule mwenye ulimi mkali, aliyeona jinsi mji ulivyoiponda familia yake, akaelewa kwa nini alimtamani Duke, kisha akajicheka. Bila kuujua uzio wa Nice, kile kicheko chake kinaonekana kama mzaha mdogo. Ukiujua, unaona kwamba ni mtu aliyeruka uzio.

Kwa bahati njema daftari zenyewe hazikuchomwa. Mnamo mwaka 1920 zilikabidhiwa kwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Zilikaa humo kwa miaka mingi, hadi katika miaka ya 1980 mtafiti Colette Cosnier alipozifungua na kuzilinganisha na kitabu. Mwaka 1985 alitoa kitabu cha maisha ya Marie kinachoonyesha yaliyokatwa. Baadaye wapenzi wa maandishi yake walizipiga chapa daftari zote, mfululizo wa juzuu nyingi, jinsi zilivyoandikwa. Tarehe ya kweli ya kuzaliwa ikarudi. Kesi ikarudi. Mjomba akarudi.

MAFUNZO KWA NYUMBA ZETU

Kwanza, kwa mabinti. Wako mamwinyi katika kila mji, wa pwani na wa bara. Pengine hawaji kwa gari la farasi. Huja kwa gari la kukodi, saa inayong'aa na fedha zisizojulikana zilikotoka, wakapita mbele ya mlango wa shule jioni. Binti anayezuzuliwa ajiulize swali lile la Marie: nimemwona mara ngapi, na ninamjua kwa lipi? Vyote ving'aavyo si dhahabu, na kilichopita barabarani mara 10 bado ni kipita njia.

Pili, kwa wazazi. Mtoto anapokiinua kitabu mbele ya uso wake, si kila mara anasoma. Mama au baba akigundua kwamba mwanawe ana daftari la siri, asilichukue kwa nguvu na kulisoma mbele ya wageni. Aliyefedheheshwa mara moja kwa sababu ya kuandika ukweli huwa haandiki tena, au huandika uongo. Afadhali mzazi aulize kwa upole, tena ampe mtoto kazi na masomo ya kumkuza, kwa maana saa 9 za kazi zilimtibu binti wa Nice kuliko ambavyo maonyo yangefanya.

Tatu, kwa askari na polisi, ambao kazi yao haiendi bila daftari. Kitabu cha zamu na kitabu cha matukio ni shajara za kituo. Mara nyingine hutokea kwamba tukio linamhusu mtu mwenye jina, au ndugu, au afisa mwenyewe aliyeshika kalamu, na mkono unasita. Jamaa wa Marie walisita, wakakata. Waliokoa heshima kwa miaka michache, kisha daftari zikafunguliwa, na kilichoonekana zaidi kuliko fedheha yenyewe ni mkato wa mkasi. Ukurasa uliochanwa huacha mshono.

Hamilton Palace sasa haipo, na vitu vyake vilitawanywa na mnada. Daftari za msichana zipo Paris, katika maktaba, zikiwa na tarehe, majina na makosa yake yote, na atakaye anaweza kuzisoma.